Kumrudisha mgonjwa Likoni baada ya BCG ya kibofu: tuktuk, matatu, gari za app na dereva wa kukodi

Naanza na jibu kabisa kwa mwenye haraka: kama wampeleka mtu kutiwa dawa ya kibofu huku kisiwani Mombasa na nyinyi mwakaa Likoni, Mtongwe au popote ng'ambo ya feri, tafuteni dereva mmoja mwenye gari ndogo, muelewane kwa simu siku moja kabla, na bei muiseme pamoja na muda wa kungoja. Njia nyengine zote tumezitumia na babangu na ntazieleza zilivyo, lakini jibu langu ni hilo na silibadilishi hata mtu aniambie nini.

Babangu ana saratani ya kibofu, ile ambayo haijaingia kwenye msuli. Kwanza alikwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa njia ya mkojo, alafu daktari akampangia BCG, mara moja kwa wiki kwa wiki 6, na baada ya hapo kuna zile za kurudia, tatu tatu kila baada ya miezi kadhaa. Hii BCG ni ile ile ya chanjo ya kifua kikuu wanayodungwa watoto wachanga, sema huku inatiwa moja kwa moja ndani ya kibofu kwa mpira mwembamba. Ni vijidudu hai ila vimedhoofishwa, kazi yake ni kuamsha kinga ya mwili pale pale kwenye kibofu ipigane na saratani, ndio maana ikishuka huko chini inawasha vibaya sana, babangu anasema ni kama kidonda kilichokamuliwa ndimu.

Dawa ikishaingia inatakiwa ikae humo kama saa 2 ndio mtu akojoe. Hizo saa 2 ndio zinaamua usafiri wenu wote. Kuna kliniki mgonjwa akishatiwa anaambiwa nenda, utakojoa nyumbani, na kuna nyengine wanamuacha pale pale mpaka amalize. Kwa mtu wa Nyali au Tudor ambaye nyumba iko karibu, kwenda kumalizia nyumbani ni sawa tu. Kwa mtu wa Likoni mimi nasema ombeni mkae hapo hapo hospitali, au kama mna jamaa Ganjoni au Mji wa Kale mukamalizie kwake, kwa sababu maji ya Likoni yenyewe ni kama nusu kilomita na feri ikishaondoka dakika chache mko ng'ambo, lakini foleni ya magari kabla ya kuingia hiyo feri haina mwenyewe, leo mtapita moja kwa moja kesho mtakaa hapo jua linawapiga na mzee kabana miguu hawezi hata kuongea. Usimtie mtu kwenye foleni na dawa ndani ya kibofu.

Na akishakojoa ile ya kwanza msidhani basi yameisha, hapo ndio haja inaanza kuja kila baada ya muda mfupi, kidogo kidogo na inachoma, pengine na damu damu, na mwili unakuwa mzito kama mtu mwenye mafua. Kwa kawaida inapungua ndani ya siku moja au mbili. Kwa hivyo chombo mnachotafuta siku hiyo ni kile ambacho kinaweza kusimama mkikiambia kisimame, na hakirukirushi mtu, mwendo wa kasi hauna kazi hapa.

Matatu: kwenda asubuhi ni sawa, hakuna shida, babangu alikuwa anaenda mwenyewe akiwa mzima, amevaa shati lake vizuri. Kurudi, hapana. Hiyo ya kubanwa siti, ya kondakta kugonga bati gari iondoke mtu hajakaa, na kushuka pale stendi ya feri alafu uteremke na umati kwa miguu, usubiri, mlango ukifunguliwa watu wote mbio, upande feri usimame, ukifika ng'ambo upande mlima tena kutafuta gari ya pili, kwa mtu ambaye ametoka kuekewa mpira ni mateso tu. Bei ni rahisi na feri kwa mtu wa miguu ni bure, najua, na najua kuna watu hawana njia nyengine, kwa hao ninasema mkatieni saa za mchana, msiingie kwenye ule mtafaruku wa jioni watu wakitoka kazini, na avae pedi.

Tuktuk naipenda na sitaisema vibaya. Hewa inapita, mlango uko chini mzee hapandi ngazi, inaingia mpaka uchochoroni kwetu, na ukisema simama inasimama popote. Mgonjwa anayekaa kisiwani, Majengo, Tudor, Ganjoni, Mji wa Kale, tuktuk inamtosha kabisa asipoteze pesa. Tatizo lake ni magurudumu madogo na springi ngumu, kila tuta linapanda moja kwa moja mpaka kwenye kibofu, na barabara zetu za mitaani zenye matofali ya kabro yaliyobonyea nazo ndio hivyo, trrrr mpaka nyumbani. Tulichofanya ni kubeba mto mzito wa sponji akalie, akae katikati sio pembeni juu ya gurudumu, na kumwambia dereva kabla hajawasha kwamba hapa nina mgonjwa wa kibofu. Wengi wao wakishaambiwa hivyo wanaendesha kama wamebeba mayai na Mungu awabariki, ila vijana wawili watatu walisema sawa sawa mama alafu wakaruka matuta vile vile. Kwa safari ndefu ya kuvuka, tuktuk naiweka ya pili.

Gari za app, zile unazoziita kwa simu. Raha ya kiti nzuri, bei unaiona mapema, ukibahatika unapata yenye AC. Lakini kwa safari hii hazikutufaa, na sababu ni mbili. Ya kwanza, dereva anakupigia anauliza mwaenda wapi, ukisema Likoni kuvuka anakuambia sawa nakuja alafu unaona amekata, anakuja mwengine naye vile vile, na mgonjwa amesimama mlangoni hospitali. Ya pili ndio iliyoniuma. Dereva mmoja alifika, akamuona babangu anatembea kwa shida na ameshika mfuko wenye pedi, akaniuliza mimi kwa sauti ya juu, "Huyu mzee hatanikojolea siti?" Babangu alisikia. Hakusema neno njia nzima mpaka nyumbani, mtu aliyesomesha watoto wa watu miaka yote, na mimi nilimwambia yule kijana kwamba huyu ni sawa na babako, lakini maneno yakishatoka hayarudi. Sisemi wote wako hivyo, wengine walikuwa watu wazuri sana, mmoja alituombea dua tukishuka. Shida ni kwamba hujui atakuja nani, na mgonjwa siku hiyo hana nguvu ya kubahatisha watu.

Sasa huyu dereva wa kukodi. Tulipewa namba yake na jirani, ana gari ndogo, ya zamani kidogo, na yeye mwenyewe alikuwa akimpeleka mamake kliniki ya sukari kwa hivyo mambo ya wagonjwa anayaelewa. Siku ya kwanza kumueleza alinisikiza mpaka mwisho alafu akauliza swali moja tu, "Baba anaweza kukaa muda gani bila kushuka?" Hakuna dereva mwengine aliyewahi kuniuliza hivyo. Akija anakuwa ametandika karatasi ya nailoni kwenye siti na leso juu yake, ametandika kabla mzee hajafika garini, ili isionekane ni kwa ajili yake. Hiyo heshima ndogo mimi siwezi kuilipa. Anapiga simu kwa wenzake walio upande wa feri kuuliza foleni ikoje, ikiwa imefika mbali anatuambia tusitoke hospitali bado, tukae kwenye kivuli huko huko. Njiani kila baada ya muda anatazama kioo, "Shwari baba? Nisimame?" na babangu akisema simama mwanangu, gari inasimama, hakuna kununa wala kutazama saa.

Bei: tulikubaliana bei moja ya kwenda, kungoja na kurudi, ni kubwa kuliko tuktuk, kama mara mbili hivi, lakini ukihesabu app mara mbili pamoja na zile za kukatwa katwa tofauti sio kubwa hivyo. Na jambo muhimu ambalo nyote muliulize kabla: kuna siku mnafika, wanapima mkojo kwa kile kijiti, wanaona kuna maambukizi au damu nyingi, BCG haitiwi siku hiyo, mnaambiwa mrudi wiki nyengine. Dereva wetu siku kama hiyo anachukua ya safari tu, ya kungoja anaiacha. Msilipe yote mapema kwa mtu yeyote.

Kasoro zake nazo nizitaje kwa haki. Ni mtu mmoja, akiwa na safari ya eapoti asubuhi humpati, kwa hivyo mukishapewa tarehe za kliniki mpeni zote kwa pamoja. AC yake haina nguvu, mwezi wa pili na wa tatu mnafungua madirisha na joto linaingia. Na anaweka redio juu, ila ukimwambia anapunguza.

Wenzetu wa Ukunda na Diani siku hizi mna ile barabara ya Dongo Kundu, mnatokea Miritini bila kugusa feri, ni ndefu lakini ni lami laini na hakuna foleni ya kungoja pantoni, mimi ningekuwa huko ningepita hiyo bila kufikiria mara mbili. Kwa sisi wa Mtongwe ni kuzunguka dunia.

Mfuko wa njiani nao nauandikia kwa sababu umetusaidia kama dereva alivyotusaidia. Cha kwanza ni ile chupa ya mkojo ya plastiki, shingo imepinda, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya hospitali na chemist kubwa mjini. Nunueni yenye mfuniko wa kuzungusha, ile ya kubonyeza kwa kidole inafunguka gari ikiruka na mnajua nini kitatokea. Ya mwanamume anaitumia akiwa ameketi kwenye siti ya nyuma amejifunika kikoi, hakuna anayeona kitu. Wanawake wana yao yenye mdomo mpana, mama mmoja tuliyekutana naye kliniki alisema ndani ya buibui pana inawezekana kabisa ila afanye mazoezi nyumbani kwanza.

Mbona chupa na misikiti iko kila kona? Nawaambia. Misikiti yetu ina vyoo na maji, mashaallah, na mgonjwa wa kawaida wa kibofu asione haya kusimama hapo, hata petroli stesheni na zile moli za Nyali vipo. Lakini kwa BCG kuna masharti ya saa 6 za mwanzo: mwanamume akojoe ameketi au amechuchumaa asirushe matone, kila mkojo umwagiwe Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kipimo sawa na mkojo wenyewe, ukae dakika 15 hadi 20 ndio mvute maji, mikono na sehemu zilizoguswa na mkojo zioshwe kwa sabuni. Sasa utakaa choo cha msikiti dakika 20 watu wamepanga foleni nje adhana inatoka? Haiwezekani. Ukitumia chupa unafunga, unafika nayo nyumbani unamalizia huko kwa utulivu, dirisha wazi kwa sababu ile harufu inapanda kichwani. Na Jik msichanganye na ile asidi ya kusafishia choo, moshi wake ni sumu. Kwa wale wanaotiwa dawa za kemo kwenye kibofu kama mitomycin, sio BCG, masharti yao ni mengine, muulizeni nesi wenu msichukue haya yangu.

Pedi na daipa za watu wazima: zile za kuvaa kama chupi ni nzuri kuliko za gundi pembeni, mzee anavaa mwenyewe hasaidiwi, na hilo kwa baba na binti yake ni jambo kubwa. Kwa joto la Mombasa zinachoma ngozi, tunazitumia za njiani tu, tukifika anavua, anaoga, anavaa kikoi. Iliyoloa ndani ya hizo saa 6 tunaimwagia Jik, tunaifunga mfuko juu ya mfuko ndio tunaitupa, na nguo iliyoguswa inafuliwa mbali na za wengine. Shiti ya mpira kwa kitanda nunueni yenye kitambaa upande mmoja, ile tupu inateleza na inatoa jasho.

Kikoi ndio nguo bora ya siku hiyo, hakuna suruali hapo, hakuna zipu wala mshipi wa kugombana nao haja ikija. Tunabeba viwili vya akiba, kimoja hakiguswi ni cha sala peke yake. Babangu hili la najisi lilimkosesha raha kuliko hata maumivu, akawa haendi sala ya jamaa msikitini akiogopa tone, mpaka sheikh wa msikiti wetu alipomueleza kwamba mwenye udhuru wa mkojo anajisafisha, anatia kitambaa, anatawadha wakati wa sala ukiingia na anaswali, dini haikumbana. Nimeitaja kwa sababu najua kuna wazee wengi wanalibeba hili kimya kimya.

Kunywa na kula: kwa muda wa kama saa 4 hivi kabla ya dawa asinywe vitu vingi, ndio aweze kuishikilia, kwa hivyo miadi ya asubuhi ni nzuri, anatoka bila chai. Akishakojoa ile ya kwanza hapo ndio maji, mengi, kidogo kidogo. Dafu moja pale nje anashukuru. Kahawa chungu, ukwaju, malimau, pilipili ya viazi karai, hivyo vyote vinamuwasha kibofu upya, aviache siku mbili tatu. Kahawa ndio iliyomshinda babangu, anakaa barazani na wenzake wanakunywa yeye anashika kikombe cha maji, namuonea huruma.

Homa ndogo ya jioni ile ni ya kawaida. Ikipanda kupita 38.5 na haishuki, au anatetemeka meno yanagongana, au siku mbili zimepita na bado mkojo ni damu, msingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpigieni daktari, nendeni, na neno la kwanza kumwambia anayewapokea liwe ametiwa BCG kwenye kibofu tarehe fulani, kwa sababu vijidudu vya BCG vikiingia kwenye damu dawa yake ni za kifua kikuu, sio antibayotiki za kawaida. Namba ya dereva wa usiku muwe nayo pia, yule wetu alikubali na simu yake haizimwi, na hii peke yake ingetosha kunifanya nimpe nyota zote.

Kuna walioniuliza kuhusu kwenda Nairobi kwa wale waliopewa rufaa. Nendeni na treni. Basi linasimama linapotaka lenyewe, Mtito Andei mara nyingi, na katikati hapo hakuna choo ndani. Treni hiyo ya SGR ina choo na unatembea, ni kama saa 5 au 6 hivi. Stesheni yake iko Miritini, ni mbali na mjini, na kuna ukaguzi wa mizigo mtu anasimama, kwa hivyo fikeni mapema na kitambulisho mkononi, mzee apumzike kwanza. Siti muombe ya kando ya njia, na kama pesa ipo chukueni fasti klasi, kule ekonomi ni siti tatu upande mmoja na mbili upande wa pili, na zinatazamana, kila akitaka kuinuka anawainua wengine. Siku ya kurudi msipande siku ile ile ya dawa, laleni kwa jamaa.